Polima ya kairali imetoka, lakini SHG ni hafifu au haipo kabisa: kosa liko wapi?

ligandi_mkono ameandika:

Wakuu, salamu kwenu. Naomba msaada kuhusu kupima harmoniki ya pili, hii tunayoiandika SHG (mwanga unaotoka ukiwa na nusu ya urefu wa wimbi ulioingia), kwenye polima za koordinesheni (metali zilizounganishwa na molekuli ziitwazo ligandi) za kairali, yaani zenye mkono wa kushoto au wa kulia. Sampuli ni tatu, na zote zimeanza na ligandi ya mkono mmoja.

A: zinki nitreti heksahidreti mg 149 (milimoli 0.5), asidi ya D-kamforiki mg 100 (milimoli 0.5), 4,4'-bipiridini mg 39 (milimoli 0.25), kiyeyushi cha DMF ml 6 na maji ml 2. Nyuzi 110 kwa saa 72, kisha kupoza nyuzi 5 kwa saa. Fuwele hazina rangi, kundi la nafasi (alama ya ulinganifu wa fuwele) ni P2₁2₁2₁, Flack (0 ikiwa mkono ni mmoja, 0.5 ikiwa ni nusu kwa nusu) 0.02(2).

B: vilevile, ila nikeli badala ya zinki na nyuzi 120. Fuwele za kijani, P4₃2₁2, Flack 0.03(2).

C: zinki, asidi ya L-maliki na bipiridini kwenye maji tupu, NaOH hadi pH 7, otoklevu ya Tefloni ya ml 25, nyuzi 170 kwa siku tatu. Fuwele ni ndogo mno kwa eksirei ya fuwele moja, kwa hiyo nina difraksheni ya unga tu.

Leza ni Nd:YAG ya nm 1064, mpigo wa nanosekunde 8, Hz 10, mJ 3 kwenye mwali wa kipenyo cha mm 3. Unga uko kati ya slaidi mbili za kioo, na mbele ya fotomultiplaya kuna kichujio kimoja cha nm 532. KDP, fuwele ya kulinganishia, nikiipa 100, A inatoa 15, B inatoa 9, C inatoa 9. Chumvi ya mezani, niliyoweka kama sampuli tupu, nayo inatoa 9! Nikipandisha volti za taa ya leza, ishara inapanda kwa mteremko wa 2 kwenye grafu ya logi, kwa hiyo ilionekana kama SHG halali.

Je, shida ni ligandi, metali au leza? Nilichukulia kwamba ukairali ukishapatikana, SHG inafuata yenyewe.


NusuWimbi amejibu:

Mkuu, kabla ya kugusa kemia, shughulika na hiyo 9 ya chumvi. NaCl ina kitovu cha upinduzi (nukta ambayo kila atomu ina pacha wake upande wa pili), haiwezi kutoa SHG ya kupimika kwa mpigo wa namna hiyo. Kwa hiyo unapima kitu kingine, na kitu hicho kimo ndani ya namba zako zote tatu.

Mshukiwa wa kwanza ni leza yenyewe. Nd:YAG nyingi za maabara zina fuwele ya kuzidisha masafa ndani ya boksi, na hata ukichagua tundu la nm 1064 hubaki kijani kidogo kinachovuja. Kinagonga unga, kinatawanyika, kinaingia kwenye kichujio chako cha 532 bila kizuizi. Halafu mtego wake ni huu: kijani hicho nacho kimezaliwa kwa harmoniki ya pili, kwa hiyo ukibadili volti za taa kinapanda kwa mteremko wa 2 vilevile. Jaribio lako la mteremko halijathibitisha chochote. Acha volti mahali pamoja, kisha punguza mwanga kwa vichujio vya kijivu, au kwa bamba la nusu wimbi na polaraiza, vyote viwe nje ya leza. Kwa vichujio vya kijivu kijani kinachovuja kitashuka kwa mteremko wa 1, SHG ya sampuli itashuka kwa mteremko wa 2.

Mpangilio wa njia ya mwanga uwe hivi: leza, kichujio cha RG715 au RG850 (kinapitisha 1064 na kumeza 532), sampuli, kichujio cha KG5 cha kumeza 1064, kichujio cha 532 chenye upana wa nm 10, kisha fotomultiplaya. Kama KG5 haipatikani, kuveti ya sm 5 yenye myeyusho mzito wa kopa salfeti inafanya kazi hiyo kwa bei ya chee, maana shaba inameza sana eneo la nm 700 hadi 1100 na kuacha kijani kipite. Funika njia yote kwa kitambaa cheusi, kwa sababu taa ya leza nayo inatoa mwanga mweupe unaoendana na kila mpigo.

Usitumie fotomultiplaya peke yake kama una spektromita. SHG inakaa nm 532 kamili na ni nyembamba kama mwali wenyewe. Ukiona mlima mpana kuanzia 500 hadi 600, hiyo ni fluoresensi ya fotoni mbili, na yenyewe pia ina mteremko wa 2. Wanaotumia terbi wawe makini zaidi: mstari wake wa nm 545 uko jirani sana na 532, kichujio kipana kitauchukua.

Jambo la mwisho, usipuuze: 1064 haionekani kwa macho na inachoma retina kabla hujajua. Miwani iwe ya 1064 na 532 pamoja, si ile ya kijani peke yake.


Mzee wa Fuwele amejibu:

NusuWimbi kamaliza upande wa mwanga. Mimi nakuja kwenye fuwele, maana hata kichujio kikikaa sawa, B na C sidhani kama zitakupa kitu, na kila moja ina sababu yake.

Tuanze na B. Wengi mtakimbilia kusema ni rangi ya nikeli. Rangi ina mchango, lakini soma kwanza kundi la nafasi. P4₃2₁2 iko kwenye daraja la ulinganifu la 422. Ni kairali kabisa, haina kitovu cha upinduzi, Flack yako ni nzuri, na bado SHG yake ni sifuri au karibu na sifuri. Kwenye 422 tensa (jedwali la namba d zinazoonyesha nguvu ya SHG kwa kila mwelekeo) ina sehemu moja tu huru, d14, na d25 ni sawa nayo kwa alama kinyume. Masharti ya Kleinman, yanayofaa pale ambapo nyenzo haifyonzi mwanga unaoingia wala unaotoka, yanataka d14 na d25 ziwe sawa. Namba iliyo sawa na kinyume chake ni sifuri. Daraja la 622 lina hali hiyohiyo, na 432 haina SHG hata bila Kleinman. Kwa hiyo katika madaraja 11 ya kairali, matatu hayana faida kwako. Ligandi ya mkono mmoja inakuhakikishia moja ya makundi 65 ya Sohncke (yanayokubali mkono mmoja), basi. Haikuhakikishii tensa yenye kitu ndani.

Ongeza sasa nikeli. Ni(II) ya oktahedra ina mkanda mpana unaoanzia karibu na nm 1000 na kupita 1150, na 1064 imo humo. Kijani cha 532 kinapita vizuri kati ya mikanda yake miwili ya juu, ndiyo maana fuwele zinaonekana za kijani na mtu anadhani ziko salama. Nikeli inakula mwali unaoingia, kobalti ya oktahedra inakula zaidi ule unaotoka, kwa mkanda wake wa karibu 510. Ndani ya unga mwanga unagonga punje nyingi kabla ya kutoka, hivyo hata ufyonzaji mdogo unajumlika, na unga unapata joto. Ukiona doa jeusi baada ya mipigo mia chache, usitafute mchawi. Baki na zinki au kadimi.

C ni kosa la jikoni. Asidi ya maliki ukiipika kwa nyuzi 170 siku tatu inapoteza molekuli ya maji na kuwa asidi ya fumariki. Kaboni ya kairali inatoweka kabisa. Fumareti yenyewe ina kitovu cha upinduzi katikati ya molekuli, bipiridini vilevile, kwa hiyo mara nyingi utapata fuwele yenye kitovu na SHG ya sifuri. Asidi ya aspatiki ina mchezo huohuo kwa kupoteza amonia. Kuhakiki ni rahisi kwa sababu zinki haina sumaku ya kuvuruga NMR: yeyusha mg 5 za sampuli iliyooshwa na kukaushwa kwenye DMSO ya deuteri yenye matone mawili ya DCl. Kilele kimoja kikali karibu na ppm 6.6 hadi 6.8 ni fumareti. Malati ingeonyesha CH karibu na 4.3 na CH₂ kati ya 2.4 na 2.8.

Ukitaka malati ya kweli, shuka hadi nyuzi 80 au 90, pH kati ya 5 na 6, na subiri wiki. Au achana na tanuri: weka myeyusho wa maji wenye zinki na malati chini ya tyubu nyembamba, maji na ethanoli nusu kwa nusu katikati, bipiridini kwenye ethanoli juu, na usiiguse. Mavuno ni haba lakini mkono haugeuki. Asidi ya tartariki nayo ukiichemsha kwenye alkali inachanganyika mikono na kutoa meso (isiyo na mkono) pia.

A iko salama zaidi, ila ijue tabia ya kamforiki. Kaboni namba 1 ina methili na haina hidrojeni, haigeuki. Kaboni namba 3 ina hidrojeni jirani ya kaboksili, hiyo ndiyo inayoweza kugeuka ukipandisha joto na alkali. Ikigeuka hupati raseme (mikono miwili nusu kwa nusu). Unapata isoma nyingine ya trans, ambayo bado ni kairali. Fuwele itabaki bila kitovu, CD (tofauti ya ufyonzaji wa mwanga unaozunguka kushoto na kulia) itabaki na ishara, na wewe utaripoti muundo usio na ligandi uliyodhani. DMF yenye maji inazidisha hatari hii kwa sababu inavunjika polepole na kutoa dimethilamini, ambayo ni alkali. Vunja mg 200 za polima kwa HCl ya moli 2, toa asidi kwa ethili aseteti, pima mzunguko wa mwanga kwenye ethanoli. Asidi safi ya D-kamforiki inatoa karibu +47. Ikishuka waziwazi, punguza joto.


d10_tu amejibu:

Naongezea kuhusu udhaifu wa A, kwa sababu hata baada ya kusafisha vifaa haitakuwa na nguvu, na ni vizuri ujue kabla ya kutupa miezi humo.

Angalia nani anafanya kazi gani ndani ya A. Kamforeti ni mnyororo wa kaboni zilizoshiba, haina elektroni za pai za kusukumwa na mwanga. Kazi yake ni kuondoa kitovu cha upinduzi, imeishia hapo. Bipiridini ina elektroni za pai, lakini imeshikwa na zinki ncha zote mbili kwa namna ileile, kwa hiyo kusukumwa kushoto kunafutwa na kusukumwa kulia. Mwenye uwezo hana mwelekeo, na mwenye mwelekeo hana uwezo. Pitisha faili lako la cif (la muundo wa fuwele) kwenye ADDSYM, kitafuta ulinganifu uliofichika cha programu ya PLATON. Ikikupendekezea kitovu cha upinduzi huku ikiacha nje atomu chache tu, mara nyingi zile methili za kamforeti, basi una ulinganifu bandia: karibu muundo wote una kitovu, na SHG inatoka kwenye mabaki tu.

Dawa ni kubadili kiunganishi kirefu kiwe na ncha mbili zisizofanana. Piridini upande mmoja, kaboksileti upande wa pili: isonikotineti kwa kuanzia, na ukitaka nguvu zaidi weka daraja la vinili katikati, yaani 4-piridilakrileti, ili elektroni ziwe na njia ndefu ya kuvutwa kutoka kaboksileti kwenda piridini. Hili ndilo lililofanywa na Evans na Lin kwa zinki na kadimi mwishoni mwa miaka ya 1990, na mapitio yao ya 2002 yameeleza mantiki yote. Metali yenye ncha nne za tetrahedra inajenga wavu wa almasi, na nyavu hizo zikipenyana kwa idadi isiyogawanyika kwa mbili (mfano nyavu tatu au tano), hakuna kitovu cha upinduzi kinachoweza kukaa kati ya wavu na jirani yake. Tena ligandi zao hizo hazikuwa kairali! Ukairali ni njia moja ya kufukuza kitovu, wala si njia yenye nguvu kuliko zote.

Ukiunganisha mbinu zote mbili, kiunganishi chenye ncha mbili tofauti pamoja na ligandi ya pili ya mkono mmoja, omba Mungu ikupe P2₁ badala ya P2₁2₁2₁. Kwenye P2₁ molekuli zinaweza kuegemea upande mmoja wa mhimili na michango ikajumlika. Kwenye P2₁2₁2₁ mielekeo mitatu inafutana na unabaki na d14 peke yake.


ligandi_mkono ameandika:

Shukrani sana wakuu, nimefuata karibu yote.

RG715 mbele ya sampuli na KG5 nyuma: chumvi sasa inasoma sifuri, B sifuri, C sifuri. Sampuli C kwenye NMR ina kilele kimoja kwenye 6.6, malati hakuna. Mzee ulisema kweli.

A nimeichekecha, na namba ni hizi, KDP ya mikromita 75–125 ikiwa 100:

20–45: A 8, KDP 38
45–75: A 7, KDP 70
75–125: A 4, KDP 100
125–180: A 3, KDP 110

Sasa niripoti uwiano gani? Na mwenzangu wa maabara ananishauri nipime Z-scan (kusogeza sampuli kwenye fokasi ya leza ili kuona ukali wa mwanga unavyobadili kipeo chake cha mpindo, n) kwenye DMF ili makala iwe na optiki ya daraja la tatu pia. Mnaonaje?


NusuWimbi amejibu:

Namba zako zinaeleza kisa chote. KDP inapanda na kuelekea kutulia juu, ndivyo ilivyo kwa fuwele yenye kulingana kwa awamu, yaani 1064 na 532 zinakwenda kwa mwendo mmoja ndani yake. A inashuka kadiri punje zinavyokua, na kati ya 45 na 180 inashuka karibu kwa kinyume cha ukubwa. Hiyo ni fuwele isiyolingana kwa awamu, na urefu wake wa mshikamano (umbali ambao SHG inajijenga kabla ya kuanza kujifuta) uko chini ya mikromita 40 hivi. Urefu huo ni urefu wa wimbi ugawe kwa mara nne ya tofauti ya n kati ya 532 na 1064, kwa hiyo tofauti ya 0.01 inakupa mikromita 27. Haishangazi kwa polima yenye bipiridini.

Sasa ona ukorofi wa kuripoti uwiano bila ukubwa wa punje. Kwenye 20–45 A ni 0.21 ya KDP. Kwenye 125–180 ni chini ya 0.03. Sampuli ileile, siku ileile. Kurtz na Perry waliposimika mbinu hii mwaka 1968 jambo la ukubwa wa punje lilikuwa ndiyo moyo wake, lakini bado makala zinatoka zikisema mara moja nukta kadhaa ya KDP bila kutaja chekeche. Wewe weka jedwali lote.

Kama unataka kukadiria d, tumia punje ndogo kabisa, pale ambapo kulingana kwa awamu hakujaipendelea KDP. Bahati yako daraja la 222, ambamo P2₁2₁2₁ yako imo, chini ya Kleinman lina tensa ya umbo lilelile la KDP, d14, d25 na d36 zote sawa, kwa hiyo wastani wa mielekeo ya punje unajifuta kwenye uwiano. Ukali unafuata d ya mraba: kipeuo cha pili cha 0.21 ni 0.46, mara 0.39 pm/V ya KDP, unapata karibu 0.18 pm/V. Andika kuwa ni makadirio, maana n za nyenzo mbili hazifanani na hata mikromita 20 si ndogo kuliko urefu wa mshikamano kwa uhakika.

Mambo madogo yanayoharibu namba: usisage A kwa nguvu kwenye kinu cha ageti hadi iwe vumbi, vunja tu na uchekeche, kisha rudia difraksheni ya unga baada ya kuchekecha, kwa sababu polima yenye DMF kwenye vitundu inaweza kupoteza muundo kwa msuguano au kwa kukaushwa kwenye ombwe. Osha vumbi la chini ya mikromita 20 linalong'ang'ania punje kubwa, kwa ethanoli kama haiathiri fuwele. Unene wa unga uwe uleule kwa A na KDP, mm 1 inatosha. Weka fotodaiodi ya kusoma kila mpigo, kwa maana nishati ikiyumba asilimia 5, ishara inayumba asilimia 10.


Mzee wa Fuwele amejibu:

Kuhusu Z-scan. Daraja la tatu halihitaji kukosa kitovu cha upinduzi, kila nyenzo inalo, hata kioo cha dirisha. Kwa hiyo halisemi lolote kuhusu ukairali wako. Lakini pingamizi langu kubwa ni hiyo DMF. Polima yako haiyeyuki. Kama inayeyuka, basi imevunjika, na unachopima ni ioni za zinki, kamforeti na bipiridini zilizozagaa kwenye DMF. Kama haiyeyuki, una tope la punje zinazotawanya mwanga, na leza ya nanosekunde 8 itakupa pia lenzi ya joto inayofanana sana na n2 (badiliko la n kwa ukali wa mwanga) hasi. Makala za aina hiyo zipo tele, na msomaji makini huruka sehemu hiyo.

Kama lazima upime, chukua fuwele moja bapa isiyo na nyufa, mpigo wa pikosekunde au femtosekunde, na marudio ya chini ili joto lipate kupoa. Kama huna, acha. Tumia muda huo kupima CD ya A na ya kaka yake aliyetengenezwa kwa asidi ya L-kamforiki: mg 1 kwa mg 100 za KCl, kidonge chembamba, na ukigeuze nyuzi 90 kisha ukipindue ili kuona kama ishara inabaki. Ikibadilika, ni dikroismu ya mstari, inayotokana na mpangilio wa punje na si mkono. Na SHG ya mkono wa kushoto lazima ilingane na ya kulia kwa ukali, maana d inabadili alama tu na ukali unafuata mraba wake. Zikitofautiana, moja ya beshi (mapishi) si safi.


d10_tu amejibu:

Ongezea tu kwamba ukichanganya unga wa mikono yote miwili nusu kwa nusu, SHG haifutiki, kwa sababu punje haziingiliani kwa awamu. Inafutika pale tu mikono miwili inapokaa kama fuwele pacha ndani ya punje moja, kwa maeneo madogo kuliko urefu wa mshikamano, na hapo Flack itasogea kuelekea 0.5. Flack yako ya 0.02 iko salama, ila imetoka kwenye fuwele moja uliyoichagua kwa uzuri wake. Pima nyingine mbili tatu kutoka kwenye beshi ileile uliyochekecha.